Rajamu, Stakabadhi na Mraba: Alama za Biashara Kutoka Kilwa Hadi Majengo ya Songea

Mtu apitaye leo mbele ya maduka ya Majengo, mjini Songea, huona juu ya meza ya muuzaji, au ukutani kandoni mwa mlango, kibao kidogo cha karatasi ngumu au cha plastiki. Kibaoni pameandikwa jina la duka na namba ya tarakimu chache, na pengine pamechapwa mraba uliojaa vidoa vyeusi na vyeupe ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuvisoma. Mnunuzi hutoa simu yake, huelekeza kamera penye mraba, huona jina la mwenye duka, huandika kiasi cha fedha, akalipa, akaenda zake. Mraba huo ndio msimbo wa QR.

Jina la Majengo lenyewe lastahili neno moja. Ni wingi wa jengo, nalo latokana na kitenzi kujenga. Twalikuta Moshi, Dodoma, Mombasa na Nairobi, na aghalabu ni jina la mitaa iliyokaliwa na watu wa makabila mengi waliokuja mjini kutafuta riziki. Majengo ya Songea ni kata mojawapo ya mji ulioanza kama boma la Wajerumani mwaka 1897, ukachukua jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji. Mtaa wa namna hii ni mahali pazuri pa kutazamia alama za biashara, kwa sababu muuzaji na mnunuzi si lazima wawe wa ukoo mmoja wala wa kijiji kimoja. Wanaojuana huaminiana kwa sura na kwa jina la baba. Wasiojuana huhitaji alama.

Makusudi ya makala haya ni kuutazama mraba wa QR kama tawi la mti wa zamani. Wengi huuona kuwa ni ajabu ya juzi, nao wanapofundishwa kuutengeneza hufundishwa habari za rangi na vipimo tu. Habari hizo ni za lazima, nasi tutazieleza. Walakini historia ya alama za biashara katika nchi zetu yatuonyesha sharti jingine lililo kubwa kuliko hayo: alama hufaa kwa kadiri mtu awezavyo kuitambua, na kwa kadiri awezavyo kumpata mwenye kujibu kwa ajili yake. Mraba waweza kusomwa na mashine kwa nukta moja, lakini usipotimiza sharti hilo, si alama ya biashara bado. Ni vidoa tu.

I. Majina ya alama

Kiswahili hakikungoja simu ili kipate maneno ya jambo hili. Tunalo neno alama, lililotoka katika Kiarabu, ambalo ni la jumla kuliko yote. Tunalo muhuri, lenye asili ya Kiajemi, ambalo hubeba wazo la mamlaka: apigaye muhuri ni mwenye cheo, na karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tupu. Tunalo chapa, tulilolipata kwa watu wa Bara Hindi, ambalo lilianza na kitu kigandamizwacho juu ya kitu kingine, likatuzalia kupiga chapa, kiwanda cha chapa, na hata kitenzi cha kuchapa kitabu. Tunalo nembo, neno ambalo zamani lilitaja chale na alama zilizotiwa mwilini ili mtu ajulikane ni wa watu gani, na ambalo leo twalitumia kwa alama ya taifa, ya shule na ya kampuni. Tena tunalo rajamu, ambalo vijana wengi hawalijui, lakini makamusi yamelihifadhi kwa maana hasa tunayoitafuta: alama itiwayo juu ya bidhaa ili ijulikane ni ya nani.

Tukiyapanga maneno haya, twaona kwamba kila moja lajibu swali lake. Nembo yajibu, "Wewe ni wa nani?" Rajamu yajibu, "Mali hii ni ya nani?" Muhuri wajibu, "Nani amekubali?" Chapa yajibu, "Imetengenezwa wapi, na ya namna gani?" Alama ya biashara iliyo kamili yapaswa kujibu maswali haya yote kwa mara moja. Ndiyo sababu kazi ya kuitengeneza haijapata kuwa rahisi katika zama zozote.

II. Sarafu, jora na hundi

Katika karne ya 19, mlango wa nchi ya Songea kwenye bahari ulikuwa Kilwa Kivinje. Misafara ya kwenda Ziwa Nyasa ilitoka huko ikichukua nguo, shanga na baruti, ikarudi na pembe za ndovu na, kwa huzuni ya historia yetu, watumwa. Lakini Kilwa ilijua alama za biashara karne nyingi kabla ya hapo. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, kama zile za Ali bin al-Hasan, na maneno ya Kiarabu ya upande mmoja wa sarafu yalikubaliana kwa vina na maneno ya upande wa pili. Msomaji wa makala haya, aliyezoea ushairi, atatambua mara moja faida yake. Kina humsaidia mtu kukumbuka, na upande mmoja ukichakaa, upande wa pili husaidia kuukisia. Wazo hili tutalikuta tena mbele, mahali ambapo hatukulitazamia.

Baada ya sarafu twaja kwenye nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cheupe kigumu kilichofumwa katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya nchi ile kikaenea bara kwa jina la amerikani. Jina lilikuwa la nchi, likawa la kitambaa, kisha likawa kipimo cha ubora. Nguo za kuiga zikafuata kutoka Uingereza, na baadaye kutoka viwanda vya Bombay, hasa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, kuupunguza mzigo wa asili. Hapo mnunuzi wa bara alilazimika kuwa msomaji, ingawa hakujua herufi. Aliisoma nguo kwa vidole, kwa uzito, kwa upana wa jora, na kwa alama iliyopigwa juu yake. Biashara ya wakati ule haikuwa ya watu wajinga wa alama, kama vitabu vingine vilivyodhani. Ilikuwa ya watu wenye jicho kali, na mfanyabiashara aliyepeleka kitambaa kisichotakiwa alirudi nacho pwani.

Alama ya tatu ilikuwa hundi. Mfanyabiashara wa Unguja aliandika karatasi kwa mwenzake wa Bombay, na karatasi hiyo ikasafiri badala ya fedha. Karatasi yenyewe haikuwa na thamani. Thamani ilikuwa katika jina lililo chini yake. Mkopo ulikwenda kwa njia ile ile: Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alipata mali ya kwendea bara kwa kuaminiwa na Taria Topan, tajiri wa Unguja. Hundi ni babu wa kweli wa mraba wa Majengo, kwa maana hizo mbili ni maandishi madogo yaelekezayo kwenye fedha iliyo mahali pengine.

Mfano wa nne, ulio mzuri kuliko yote, ni wa Mombasa. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, iliuza leso zenye herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Hebu tuyatazame maneno hayo. Hayakuandikwa Kiingereza wala Kigujarati, bali Kiswahili, lugha ya wanunuzi. Ni maneno matatu tu, nayo yajibu swali la rajamu waziwazi: mali ni ya nani? Ni ya Abdulla. Asiyejua kusoma aliitambua alama kwa umbo lake, na ajuaye kusoma aliitamka. Alama ikawa ndani ya vazi lenyewe, karibu na jina la leso ambalo wanawake walilichagua kwa makini. Kiwanda cha ng'ambo kingeweza kuiga ua la leso, lakini aliyeiga maneno yale alikuwa ameiba jina la mtu anayejulikana duka lake lilipo.

III. Stakabadhi ya mkulima

Tukirudi Songea, alama ya karne ya 20 ilikuwa karatasi ya mizani. Wakulima wa nchi hii walilima tumbaku ikaushwayo kwa moshi, na Wamatengo wa milimani walilima kahawa. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitoka mwaka 1932, na mwaka 1936 chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo kikaundwa. Mkulima alipeleka mzigo, ukapimwa, naye akapewa stakabadhi.

Neno hili lina mafundisho. Ni ndugu wa kabidhi, nalo latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kushika kwa mkono. Stakabadhi ni ushahidi kwamba kitu kimetoka mkononi mwa mmoja kikashikwa na mkono wa mwingine. Mkulima asiyejua kusoma aliikunja akaiweka pamoja na vitu vyake vya thamani, kwa kuwa alijua kwamba kile chama kilichoitoa kingejibu. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, umuhimu wa jambo hili ulionekana tena, kwa sababu karatasi yoyote ni nzuri kwa kadiri ya uhai wa aliyeiandika. Wazo lenyewe halikufa. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 imelirudisha kwa sura mpya, na wakulima wa korosho wa Tunduru, katika mkoa huu huu wa Ruvuma, huuza mazao yao kwa njia hiyo.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 2010, serikali ilipoanza kuwataka wafanyabiashara watumie mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Risiti hizo nazo hatimaye zikachapwa mraba wa QR, ili mnunuzi aweze kuhakiki kama kodi aliyoitoa imeandikwa panapostahili. Mwaka 2019 vinywaji na sigara vikaanza kubandikwa stempu za kodi za kielektroniki. Kwa hiyo mkazi wa Majengo aliuona mraba juu ya risiti ya serikali kabla hajauzoea juu ya meza ya muuza mchele. Huenda ndiyo sababu wengine walidhani kwanza kwamba kila mraba ni wa kodi, wakauepuka.

IV. Mistari na mraba

Sasa tuutazame ukoo wa mraba upande wa ufundi. Mmarekani Norman Joseph Woodland alikaa ufukweni Miami akifikiri juu ya nukta na vistari vya simu ya maandishi ya Morse. Akatia vidole mchangani, akazivuta nukta zile kuelekea kwake, zikawa mistari minene na myembamba. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla wazo hilo halijaingia dukani. Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipitishwa mbele ya mashine, bei yake ikasomeka. Bidhaa za Tanzania zina namba yao katika utaratibu huo wa mistari: zilizosajiliwa hapa huanza na 620, kama zile za Kenya zianzavyo na 616.

Mistari ilikuwa na upungufu. Husomwa upande mmoja tu, nayo hubeba tarakimu au herufi 20 hivi. Katika viwanda vya vipuri vya magari vya Japani, wafanyakazi walichoka kusoma alama nyingi kwa sanduku moja. Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso wakatafuta alama itakayobeba habari kwenda juu na kwenda kando, tena itakayoweza kushika maandishi ya Kijapani yenye asili ya Kichina. Mwaka 1994 wakatoa mraba wa QR, na maana ya herufi hizo mbili ni majibu ya haraka. Wenye hataza waliamua kutowadai watumiaji, na mwaka 2000 mraba ukakubaliwa kuwa kipimo cha mataifa yote. Hapa wanalugha wakumbuke kwamba mahitaji ya mwandiko wa lugha moja ya Asia yalisaidia kuunda alama itumikayo leo dunia nzima.

Siri ya kwanza ya mraba ni yale macho matatu yaliyo pembeni. Hara na wenzake walichunguza magazeti na vitabu wakitafuta uwiano wa weusi na weupe usiotokea mara nyingi katika maandishi ya kawaida. Wakaupata: moja, moja, tatu, moja, moja. Kamera iutafutapo mraba, hutafuta uwiano huo kwanza, nao huonekana sawa hata mraba ukigeuzwa juu chini.

Siri ya pili ni kujitengeneza. Mwaka 1960 wataalamu wawili wa hesabu, Irving Reed na Gustave Solomon, walionyesha jinsi ya kuongeza tarakimu za ziada katika habari ili sehemu iliyoharibika iweze kupatikana tena. Mraba una ngazi nne za kinga hiyo: ya kwanza huvumilia uharibifu wa sehemu 7 katika 100, ya pili 15, ya tatu 25, na ya nne 30. Jambo hili litaonekana geni kwa wengi, lakini si geni kwa mtu aliyewahi kusoma utenzi katika karatasi iliyoliwa na mchwa. Anajua mizani yadai silabi ngapi na kina chadai sauti gani, na kwa kanuni hizo hulirudisha neno lililopotea. Washairi wetu walitia ziada katika maneno kwa ajili ya sikio na kumbukumbu. Reed na Solomon walitia ziada katika tarakimu kwa ajili ya mashine.

V. Masharti ya mraba ufaao

Basi mfanyabiashara wa Majengo atakaye mraba wenye kufaa afanye nini? Sharti la kwanza ni ufupi. Mraba mdogo kabisa una vyumba 21 kwa 21, na kila daraja huongeza vyumba vinne kila upande, hata kufika daraja la 40 lenye vyumba 177 kwa 177. Maneno yakizidi, vyumba huzidi, na kila chumba huwa chembamba. Kwa ngazi ya pili ya kinga, herufi 40 hivi zaingia katika mraba wa vyumba 29. Herufi 200 zataka vyumba 57. Mraba lazima uzungukwe na weupe wa vyumba vinne kila upande. Kwa hiyo katika nafasi ya sentimita 5, chumba cha mraba wa kwanza kitakuwa na upana wa zaidi ya milimita 1.3, na cha mraba wa pili chini ya milimita 0.8. Simu mpya itausoma wa pili. Simu ya zamani yenye kioo kilichokwaruzika huenda ikaushindwa, na mwenye simu hiyo ni mteja pia.

Hapo pana jambo dogo la tahajia. Mraba una namna ya kubana maneno yakiandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kwa njia hiyo ule mraba wa vyumba 29 hubeba herufi 61 badala ya 42. Namna hiyo yakubali alama 45 tu: tarakimu, herufi A hadi Z, nafasi na alama chache. Kiswahili chaingia humo kwa raha, kwa kuwa hakina vikorombwe juu ya herufi zake, isipokuwa kwa jambo moja. Kile kiritima cha ng' hakimo katika hizo 45. Muuza nyama aandikaye NYAMA YA MBUZI atapata nafasi nafuu. Aandikaye NYAMA YA NG'OMBE atalazimika kutumia namna pana. Jambo lenyewe ni dogo, lakini laonyesha kwamba tahajia iliyosanifiwa na wazee wetu yaendelea kuwa na gharama na faida katika vyombo ambavyo hawakuviota.

Sharti la pili ni weusi juu ya weupe. Rangi nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa hushinda mapambo yote. Mfuko wa plastiki unaong'aa hurudisha jua la mchana machoni mwa kamera. Sharti la tatu ni ukubwa ulingane na umbali: kanuni iliyozoeleka ni sehemu moja kwa kumi, yaani mraba usomwao kutoka mita moja uwe na upana wa sentimita 10 hivi. Sharti la nne ni kinga. Mahali pa vumbi, mafuta na mikono mingi, kama mezani kwa muuza dagaa wa Nyasa, ngazi ya juu yafaa, ingawa huongeza vyumba: zile herufi 40, kwa ngazi ya nne, zataka vyumba 37 badala ya 29. Hata hivyo kinga hiyo haiyatengenezi macho matatu ya pembeni. Yakichanika, mraba umekufa, kama barua iliyokatwa anwani. Sharti la tano ni kuujaribu kwa simu mbalimbali, asubuhi na mchana, kabla ya kuchapa vibao mia.

VI. Mwenye kujibu

Masharti hayo matano mtu aweza kuyatimiza yote, na mraba wake usifae. Sababu ni kwamba miraba yote yafanana machoni. Aliyeziiga nguo za amerikani alilazimika kufuma kitambaa. Aigaye mraba hahitaji kuiga chochote. Huchapa wake, akaubandika juu ya wa mwenzake. Januari 2022, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, ilionekana miraba ya uongo imebandikwa juu ya mashine za kulipia maegesho ya magari, na waliolipa walipeleka fedha kwa wezi. Jambo hilo halihitaji ufundi mwingi. Latosha karatasi na gundi.

Tuchukue mfano wa mama auzaye dagaa sokoni. Mchana kutwa watu huelekeza simu kwenye kibao chake, naye hana nafasi ya kutazama ujumbe wa kila malipo. Endapo mtu amebandika mraba mwingine usiku, mama huyo atagundua jioni kwamba ametoa samaki wa siku nzima bila kupata senti. Hasara yake si hesabu ya vitabuni. Ni mtaji wa kesho. Je, kinga yake ni ipi? Si ngazi ya nne ya Reed na Solomon, kwa maana mraba wa mwizi nao husomeka vizuri sana. Kinga yake ni maneno. Kibao kikiandikwa kwa herufi kubwa jina litakalotokea katika simu, pamoja na namba ya kulipia, na sentensi moja isemayo, "Usilipe mpaka uone jina hili," kila mteja anakuwa mlinzi. Jina kibaoni na jina katika simu yakipatana, biashara imetimia. Yasipopatana, mteja atauliza. Hizo ni zile pande mbili za sarafu ya Kilwa, upande mmoja ukiushuhudia wa pili.

Upande wa taasisi, hatua muhimu imechukuliwa. Zamani kila kampuni ya simu na kila benki ilikuwa na alama yake, na muuzaji alipanga vibao ukutani kama mizigo ya msafara. Mwaka 2017 kulitolewa kanuni za kimataifa za mraba wa malipo uonyeshwao na muuzaji, na Benki Kuu ya Tanzania ikaweka utaratibu wa taifa uitwao TANQR, ili mraba mmoja uweze kupokea malipo kutoka mitandao na benki mbalimbali. Katika historia tuliyoieleza, hatua hiyo yafanana na kupiga sarafu moja mahali pa vipande vingi. Nyuma ya mraba kumesimama mwenye kujibu.

VII. Jina lake

Neno la mwisho ni la wanalugha. Kwa alama ya mistari tumekwisha kusikia msimbomilia na msimbopau. Kwa huu wa vidoa wengi husema msimbo wa QR, wakiziacha herufi mbili za kigeni kama zilivyo. Lakini mtaani neno lililotia mizizi ni lipa namba. Umbo lake lastaajabisha: ni kitenzi cha amri kimeungana na nomino, kisha vyote viwili vimekuwa jina moja. Watu husema, "Nipe lipa namba yako," na hakuna asikiaye amri ndani yake. Hakuna kamati iliyolibuni kwa makini. Lilichapwa kibaoni kama agizo, na wasomaji wakaligeuza kuwa jina la kitu. Lugha imefanya hapa kile ilichokifanya kwa amerikani.

Sisi twapendekeza kwamba neno rajamu lirudishwe kazini kwa alama ya biashara kwa jumla, na mraba wa malipo uitwe rajamu ya mraba, au rajamu tu mahali ambapo hapana utata. Hatudai kwamba neno hili litashinda. Maneno hushinda sokoni, si katika majarida. Lakini lina ubora mmoja ambao msimbo hauna. Msimbo ni fumbo lenye kutaka kufumbuliwa, na fumbo halina mwenyewe. Rajamu yauliza mali ni ya nani, na mtu alitumiapo neno hilo hukumbushwa kuuliza.

Kutoka sarafu ya shaba hadi mraba wa simu, vyombo vimebadilika sana na sharti limebaki. Nyumba ile ya Mombasa ililijua kwa maneno matatu. Kibao kizuri cha Majengo nacho chataka mambo mawili yakae pamoja: vidoa kwa ajili ya mashine, na kando yake, kwa Kiswahili kisomekacho mbali, mali hii ni ya nani.